Vidonge vya Matanga

Ndanu alipapasa nyuma ya mkebe wa unga, mahali ambapo chupa yake ilikaa siku zote, akagusa ukuta. Akausogeza mkebe. Akainama, akachungulia. Kulikuwa na kiberiti, kifuko cha chumvi na mende aliyekufa zamani. Chupa haikuwepo.

"Mama," aliita, "umeiona chupa yangu ya dawa?"

Adoyo, mama mkwe wake, alikuwa ameketi karibu na dirisha, mguu wake mbaya umenyooshwa juu ya stuli, anachambua kunde.

"Ile nyeupe?"

"Ile nyeupe."

"Niliwapa wasafiri."

Alisema hivyo bila kuinua macho, kama mtu aliyewapa wageni maji ya kunywa. Ndanu akashika mgongo wa kiti.

"Wasafiri gani?"

"Nyar Kamba, nyumba hii ina wasafiri wangapi?" Hivyo ndivyo Adoyo alivyomwita tangu aolewe: binti wa Ukambani. Siku nyingine lilikuwa jina la mapenzi, siku nyingine la kuchokoza. "Bwanako na Carolyne na wale wengine. Jana asubuhi, wakati basi la matanga linapiga honi hapo chini, wewe ulikuwa kibandani. Nikamwuliza Carolyne, mmebeba dawa ya malaria? Akasema duka la dawa halijafunguliwa. Na wanaenda Alego, mvua imenyesha, mbu wa huko sasa hivi wanabeba mtu na kitanda chake. Nikakumbuka unayo. Si uliniambia mwenyewe ni dawa ya malaria?"

"Chupa nzima, mama?"

"Ningewapa kifuniko? Basi lilikuwa limejaa. Zile za karatasi nimekuachia, zilikuwa chache."

Ndanu akaketi. Hakuwa na nguvu ya kugombana, na hata angekuwa nayo, angegombana na nani? Mama huyu alikuwa amefanya kile ambacho mama yeyote mwenye watu wa Magharibi hufanya. Watu waliozaliwa Nairobi, wakapelekwa matanga karibu na ziwa, hurudi na malaria kama wanavyorudi na ndizi na samaki wakavu. Kila mazishi yalikuwa na mmoja wake. Binamu ya Phares, mume wa Ndanu, alirudi kutoka mazishi ya babu akasema ni uchovu wa safari, akalala nao siku kadhaa, akaamkia kwenye kitanda cha hospitali bila kumjua mkewe. Tangu hapo, katika ukoo huu hupandi basi la matanga bila vidonge, kama vile huendi bila sukari mkononi.

Na ni kweli alimwambia ni dawa ya malaria. Hapo ndipo alipojikwaa mwenyewe.

Ugonjwa wa Ndanu unaitwa lupus. Ulianzia mashavuni, wekundu kama wa mtu aliyechapwa makofi mawili yenye nguvu sawa. Kisha nywele zikawa zinabaki kwenye mto. Kisha vidole. Asubuhi aliamka vimevimba na kukakamaa, hawezi kufunga kifungo cha shati la mwanawe Okinyi, na kazi yake ni kufuma sweta za shule kwa mashine, katika kibanda chini ya ghorofa yao hapo Kayole. Kwenye ploti wapangaji wenzake walianza kumwamkia kwa sauti ya upole, ile wanayomwekea mtu waliyekwisha kumzika moyoni. Mmoja alimletea namba ya simu ya mganga. Mwingine alimwuliza kama amewahi kupima, akiwa na maana ya kipimo kimoja tu.

Hospitalini walimweleza kwamba askari wa mwili wake wamesahau adui ni nani, sasa wanapiga nyumba yao wenyewe. Wakamwandikia vidonge. Alipovifikisha kwenye dirisha la dawa na kusikia ni vya nini, alivirudisha.

"Mimi sina malaria," alisema. "Mmesoma karatasi ya mtu mwingine."

Mwuza dawa alikuwa amezoea. "Hii hutengenezwa kiwandani, mama, lakini babu yake ni kwinini, na kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Walioitumia kwa malaria waligundua inatuliza viungo na ngozi pia. Wewe meza. Na macho yako upimwe kila mwaka."

Akameza. Ikamsaidia, lakini haikutosha. Na Adoyo alipohamia kwao baada ya kuvunjika nyonga, akamwona kila siku akitupa kidonge mdomoni, akauliza anameza nini, Ndanu alijibu, "Ya malaria tu, mama." Lilikuwa jibu rahisi. Halikuwa uongo ukilitazama kwa upande mmoja, naye akaamua kulitazama kwa upande huo. Angeeleza nini? Kwamba mwili wake unajila? Kwa mama ambaye aliwahi kumwuliza Phares kwenye simu, akidhani hasikiki, kama huyu mke ana damu nzuri?

Kisha ukaja utafiti. Daktari Salad, kijana mwembamba aliyeongea polepole kama anayehesabu shanga, alimwita katika kliniki ya utafiti na kumwonyesha picha ya mmea wenye majani kama ya karoti.

"Huu ni pakanga. Dawa kubwa ya malaria inayotumika siku hizi hutoka humu. Sasa kuna dalili kwamba inaweza kuwatuliza hao askari wako. Dalili, si uhakika. Tunataka kujua."

Akamweleza utaratibu. Angeendelea na vidonge vyake vya karatasi vya kila siku, kisha juu yavyo aongezewe kimoja kutoka chupa nyeupe isiyo na jina, yenye namba tu. Nusu ya wagonjwa wangepata dawa ya pakanga. Nusu wangepata kidonge kinachofanana nacho kama pacha lakini ndani hakina dawa.

"Na mimi nitakuwa upande gani?"

"Sijui."

"Hata wewe daktari hujui?"

"Hata mimi. Kompyuta ndiyo inayojua, na haisemi mpaka mwisho."

"Sasa unatibu nini?"

"Hapa sitibu, mama. Ninauliza."

Ndanu alipenda jibu hilo. Alikuwa amechoka na watu wenye uhakika. Akatia sahihi, akaahidi asimpe mtu mwingine kidonge chake, na kila akirudi kliniki arudishe chupa wahesabu vilivyobaki.

Wiki zikapita bila kitu. Halafu asubuhi moja alikuwa anapiga deki, akakamua tambara mpaka likabaki kavu, akaendelea na deki hadi mlangoni kabla hajagundua alichofanya. Akarudi kwenye ndoo. Akalilowesha tambara tena, akalikamua tena. Alisimama pale na tambara mkononi, akalia kidogo, si sana, kwa sababu uji ulikuwa jikoni.

Siku hiyo hiyo aliondoa leso iliyofunika mashine yake. Mwaka huu alikuwa amekubali kazi ya shule mbili, sweta za kijani na za damu ya mzee, zote zinatakiwa kabla ya shule kufunguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa chupa nyeupe nyuma ya mkebe wa unga.

Sasa haikuwepo, na kesho yake ilikuwa siku ya kliniki.

Akampigia Carolyne, dada ya Phares. Simu ilipokelewa katikati ya kelele za spika na wanawake wanaoimba.

"Niaje, wifi! Tulifika salama. Watu ni wengi kama nzige, na ule mwiko wa ugali ni kama kasia. Mzee Oketch angejua atapendwa hivi angekufa mapema."

"Carolyne, vile vidonge mama aliwapa."

"Ah, asante sana! Tuligawana kwa basi, kila mtu chake, wazee wakajiongeza. Mimi nikaweka vyangu kando. Nimemeza jana, nikameza na leo."

"Acha kumeza."

"Kwani vimeharibika?"

"Havizuii malaria vikimezwa hivyo. Ni vya ugonjwa wangu."

"Ugonjwa gani?"

"Wa viungo. Nitakueleza ukirudi. Lakini waambie wote hakuna aliyekingwa na kitu. Wanunue dawa ya kweli hapo sokoni, waulize daktari wa dawa. Mnalala kwa neti?"

"Neti ya wapi, wifi? Tumelala kwa hema. Mbu wametuimbia kuliko kwaya." Carolyne alicheka, kisha kicheko kikakatika. Sauti ikashuka na kelele zikawa mbali, kana kwamba amezunguka nyuma ya nyumba. "Ngoja. Hizo dawa zinaweza kudhuru mtu… tuseme mwenye mimba?"

"Nani ana mimba?"

"Nauliza tu."

"Carolyne."

"Bado ni changa. Mama hajui. Phares hajui. Hata baba yake, Opicho, sijamwambia, nilitaka kwanza ishike. Ile nyingine unajua ilivyotoka." Akavuta pumzi. "Niambie tu, wifi. Ni dawa gani ile?"

Ndanu alikitazama kidole chake cha shahada, akakikunja, akakikunjua.

"Sijui," alisema. "Huenda ni dawa. Huenda si kitu kabisa."

"Aje hujui na ulikuwa unameza?"

Swali zuri.

Jioni Phares alipiga. Alikuwa ameshasikia nusu ya habari, na alikuwa na suluhisho, kwa sababu Phares ni karani na karani hakosi suluhisho.

"Kesho waambie chupa ilitumbukia chooni. Ndiyo hiyo tu. Vitu hutumbukia. Watakupa nyingine."

"Na watu waliomeza?"

"Kidonge kimoja kimoja? Kitamfanya nini mtu mzima? Hapa wanakula, wanacheza, hakuna anayelalamika. Neti nimetafuta, dawa nimenunua. Mama Okinyi, nisikilize. Ukisema ukweli watakutoa. Umesahau mwaka jana? Nilikuwa nakufungia sidiria mimi."

Hakuwa amesahau. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa la Carolyne, hakuwa na ruhusa ya kulitoa. Akasema amesikia, akakata simu.

Asubuhi alienda kliniki amevaa nguo yake ya kanisani, hajui kwa nini. Njiani alikuwa ameufanyia mazoezi uongo wa choo mpaka ukawa na maji na sauti. Daktari Salad alinyoosha mkono kupokea chupa kama kawaida, akaunyoosha bure.

"Chupa iko wapi, mama?"

"Nikisema imetumbukia chooni?"

"Nitaandika imetumbukia chooni. Nitakupa nyingine."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sina njia ya kwenda kuangalia choo chako."

Ndanu aliutazama mkono wake juu ya meza. Ulikuwa umelala wazi, vidole vimelegea, mkono wa mtu mzima. Mwaka uliopita ulikuwa umejikunja kama mguu wa kuku kwenye supu. Akiwa kimya dakika moja tu, angerudi nyumbani na chupa. Carolyne naye angebaki nyuma ya nyumba kule Alego, ameshika tumbo, anamwuliza mtu asiyejua.

"Mama mkwe wangu aliwapa watu wa matanga," alisema. "Nilimdanganya kwamba ni dawa ya malaria. Yaani sikumdanganya, ila nilimdanganya. Wamemeza. Mmoja ana mimba changa, na ya kwanza ilitoka."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakukasirika, na hilo lilimchosha Ndanu zaidi. Hasira angejua kuijibu.

"Amemeza vingapi?"

"Viwili. Labda zaidi, hajaniambia yote."

"Basi lazima tujue alichomeza. Kuna watu wenye ruhusa ya kuiuliza kompyuta kukiwa na hatari. Nitawapigia." Akasita. "Lakini uelewe. Siri ya chupa yako ikifunguliwa, hutapewa nyingine. Majibu yako hayatakuwa ya kipofu tena, maana sote tutajua umemeza nini. Hiyo ni sheria ya kazi hii, si adhabu."

"Hata nikiahidi kuifungia kabatini na kufuli?"

"Hata hivyo."

"Na nje? Si dawa ya pakanga iko kila duka?"

"Ya malaria iko, na imechanganywa na nyingine, kwa siku chache. Hakuna anayejua ni salama kiasi gani ukiimeza kila siku mwaka mzima bila kupimwa damu. Ndiyo maana tunauliza. Usijaribu nyumbani, mama. Na majani yake usichemshe. Najua kuna wanaouza."

"Mpaka lini, basi?"

"Mpaka utafiti uishe, matokeo yasomwe, wakubwa wakubali. Kama yatakuwa mazuri." Hakutaja miaka, naye hakuuliza.

Ndanu alikuwa amechoka mpaka kwenye ufizi. Alichoka kuwa na siri ya ugonjwa, sasa alichoka kuwa na siri ya mtu mwingine juu yake. "Fungua," alisema.

Alikaa kwenye benchi la nje. Mwanamke aliyeketi kando yake, mwenye mashavu kama yake ya zamani, alimwuliza kama vidonge vinasaidia. Ndanu akamwambia asimpe mtu.

Daktari alirudi, akafunga mlango kabla ya kuongea.

"Ilikuwa dawa."

"Ya pakanga?"

"Ya pakanga."

Kwa hiyo haikuwa kichwa chake kilichomdanganya. Wala haikuwa unga. Usiku mwingine alikuwa amejiambia kwamba labda ni kile kidonge pacha, kwamba vidole vilifunguka kwa sababu tu vilichoka kufunga. Angalau hilo lingemfaa leo. Angekuwa amepoteza chupa ya hewa.

"Basi inafanya kazi," alisema.

"Mtu mmoja si jibu, mama."

"Kwako."

Daktari alichukua namba ya Carolyne, akampigia, Ndanu akisikia. Alimwambia aache vidonge, jina la dawa aliandike na kuonyesha hospitali ya karibu leo hii, si akirudi Nairobi. Akamwambia dawa hiyo huwatibu wajawazito wengi wenye malaria, kwamba vidonge viwili havimtishi sana, lakini aangaliwe. "Kinachonitisha mimi ni mbu," alisema. "Usiku wa leo ulale ndani ya neti, hata kama ni ya bibi harusi." Carolyne alicheka huku analia. Kabla simu haijakatika alisema, "Mwambie wifi asante," naye Ndanu akaitikia kwa kichwa, kana kwamba simu ina macho.

Aliporudi, Adoyo alikuwa palepale dirishani, lakini hakukuwa na kunde mapajani. Carolyne alikuwa amempigia. Alikuwa amemweleza ugonjwa wa wifi, jina lake akiwa amelipata kwa Phares. Tumbo lake mwenyewe alikuwa bado amelinyamazia.

"Uliniambia malaria," Adoyo alisema.

"Nilikuambia."

"Mimi nikatoa dawa ya mgonjwa nikawapa wazima. Mikono yangu hii. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utasema nimeleta mkosi nyumbani kwa mwanao."

Adoyo alifikiria. Hakuwa mwanamke wa kujipaka mafuta kwa maneno. "Ningesema," alikubali. "Siku mbili, tatu. Halafu ningechoka, ningeanza kukuchemshia maji." Akausugua mguu wake. "Watakupa nyingine?"

"Hapana."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya maneno yangu. Wewe ulikuwa unawaokoa na mbu."

"Usinipambe, Nyar Kamba. Tugawane." Kisha akauliza kile ambacho Ndanu hakuwa amethubutu kumwuliza daktari. "Vidole vitarudi lini kukakamaa?"

"Hakuna anayejua. Zile za karatasi naendelea nazo. Huenda visirudi vyote. Huenda virudi mwezi ujao."

"Na sweta za watu?"

"Nusu bado."

Adoyo alishusha mguu kutoka kwenye stuli. "Nipe fimbo yangu."

"Unaenda wapi? Ngazi hizo huwezi."

"Nani amesema nitatembea?"

Alishuka ghorofa zote kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, fimbo mapajani, akiwatukana kwa Kijaluo watoto waliosimama kutazama. Ndanu alitangulia mbele yake kwa hofu, tayari kumdaka. Jirani mmoja alifungua mlango, akauliza kulikoni. "Mke wa mwanangu ana lupus," Adoyo alimwambia kwa sauti iliyofika mpaka paa, "na ana kazi nyingi. Sogea."

Kibandani alikaa kwenye kreti, akapewa uzi wa kijani. Akaanza kuuzungusha, mzunguko wa mtu aliyewahi kusuka vikapu. Ndanu alimeza kidonge chake cha karatasi kwa maji ya bomba. Akaondoa leso kwenye mashine, akainua vidole mbele ya uso wake, akavifunga, akavifungua. Bado vilikuwa vyake.

Akashika kishikio cha mashine akakisukuma, kikaenda na kurudi, kra, kra. Mgongo ulimwuma, macho yalimwuma, na alitamani kulala mpaka shule zifunguliwe na kufungwa tena. Alimaliza mkono mmoja wa sweta, akautupa kwenye kapu, akaanza wa pili bila kunyoosha mgongo, awahi kabla vidole havijabadili nia.